Nyumba ya Mawe Kule Périgord: Bei ya Tangazo Siyo Bei ya Nyumba

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kifaransa alituletea zoezi la ufahamu ambalo halikuwa na mnara wa Eiffel wala mkate mrefu wa kubebwa kwapani. Sisi tunaosoma ualimu wa Kifaransa na Historia tumeshayazoea hayo. Safari hii Madame (ndivyo tunavyomwita, ingawa ni Mluguru wa Morogoro kabisa) alitugawia matangazo ya nyumba zinazouzwa vijijini, katika nchi ya zamani iitwayo Périgord, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Swali lilikuwa moja tu: ungeinunua? Eleza kwa nini.

Tangazo langu lilikuwa tamu. Nyumba ya mawe ya karne ya 18, vyumba vinne, banda la zamani la ng'ombe, kisima, na shamba dogo lenye miti ya jozi. Bei yuro 95,000. Nikatoa simu nikazidisha kwa kiwango cha siku ile, nikaona kwa pesa hiyo upande wa Mbezi Beach huwezi kupata nyumba ya kueleweka. Nikaandika haraka: ndiyo, ningeinunua, tena leo leo. Karatasi ilirudi na wino mwekundu. Madame alikuwa amepigia mstari maneno manne katika tangazo: ya kukarabati, mali ya warithi, maji taka binafsi, karibu na jengo la kihistoria. Pembeni akaandika: "Soma tena. Hujanunua nyumba, umenunua matatizo manne."

Nikasoma tena. Na nikakuta kwamba nilichokuwa nakisoma kinahusu pia jambo lililotokea nyumbani kwetu, ambalo nitalieleza mbele kidogo. Kwanza tuelewane huko ni wapi.

Périgord ni jina la jimbo la enzi za wafalme. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofuta majimbo hayo, mwaka 1790 eneo hilo likawa mkoa wa Dordogne, jina la mto unaopita humo. Lakini mpaka leo wenyeji wanasema Périgord, na madalali ndiyo usiseme, kwa sababu jina la zamani linauza. Wameligawa hata kwa rangi: la Kijani kaskazini, Jeupe katikati, la Zambarau kwenye mizabibu ya Bergerac, na Jeusi upande wa mji wa Sarlat, kwa ajili ya misitu yake ya mialoni yenye kivuli kizito. Ukiona tangazo limeandikwa Périgord Jeusi, shika mfuko wako, bei imeshapanda.

Historia yake sisi tunaosoma Historia tungeweza kuifundisha muhula mzima bila kutoka nje ya mkoa. Pango la Lascaux, lenye michoro ya wanyama ya zaidi ya miaka 15,000, lilivumbuliwa na vijana mwaka 1940. Likafunguliwa kwa watalii mwaka 1948, na likafungwa mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaiharibu michoro. Wakati wa Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa (1337 mpaka 1453), mto Dordogne ulikuwa kama mpaka. Ngome za Beynac na Castelnaud bado zinatazamana hadi leo kila moja upande wake, kama majirani walionuniana. Mji mdogo wa Monpazier, wenye mitaa iliyonyooka kama imepigwa rula, ulianzishwa mwaka 1284 kwa amri ya Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo Waingereza wanaonunua nyumba huko leo si wageni wa jana.

Sasa, kama ni pazuri hivyo, kwa nini nyumba ziko tupu? Katikati ya karne ya 19 mkoa huo ulikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Leo wako kama laki nne na kidogo, wakati Ufaransa yote imekaribia kuongezeka maradufu. Kwanza alikuja mdudu mdogo aitwaye filoksera, akala mizizi ya mizabibu katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, watu wakafilisika. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara wenye majina ya vijana wake waliokufa, na kuna vijiji ambavyo ukilinganisha majina hayo na idadi ya nyumba unanyamaza tu. Waliobaki wakafuata viwanda na ofisi mijini. Nyumba za mawe hazianguki upesi, zikabaki zimefunga madirisha.

Hapo ndipo wageni walipoingia, hasa kuanzia miaka ya 1960: Waholanzi, Wabelgiji, na Waingereza kwa wingi, mpaka mkoa ukapewa jina la utani la Dordogneshire, kana kwamba ni wilaya ya Uingereza. Sheria ya Ufaransa haimzuii mgeni kununua. Hilo lilinishangaza, maana sisi tumelelewa na Sheria ya Ardhi ya 1999, ambayo inasema ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kule mtu yeyote wa taifa lolote akiwa na pesa anamiliki nyumba na udongo ulio chini yake, na hakuna anayemuuliza pasipoti isipokuwa kuhakiki jina lake.

Lakini usikimbilie kufungasha. Kumiliki nyumba hakukupi haki ya kukaa ndani yake. Hili Waingereza wamelionja. Walipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya walikuwa wanakuja na kuondoka wanavyotaka. Kipindi cha mpito cha kujitoa kilipokwisha tarehe 31 Desemba 2020, wakawa kama wewe na mimi: siku 90 katika kila siku 180, basi. Mtu ana nyumba, ana funguo, ana bili ya umeme kwa jina lake, lakini akitaka kukaa majira yote ya joto na nusu ya masika inabidi aombe viza ya muda mrefu. Bunge la Ufaransa lilijaribu kuwapa nafuu wenye nyumba hao katika sheria ya uhamiaji, na Januari 2024 Baraza la Katiba likakifuta kipengele hicho. Tofautisha basi hati ya nyumba na kibali cha kuishi. Ni karatasi mbili zinazotoka ofisi mbili.

Turudi kwa maneno ya Madame. Nianze na yale yaliyoniuma, mali ya warithi.

Tangu Kanuni ya Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804, mzazi wa Kifaransa hawezi kumnyima mtoto urithi kwa kuandika wosia tu. Mwenye mtoto mmoja, nusu ya mali ni ya mtoto huyo atake asitake; wenye wawili, theluthi mbili ni zao; watatu au zaidi, robo tatu. Mzee akifa, watoto wanamiliki nyumba kwa pamoja bila kugawanywa chumba kwa chumba. Mmoja yuko Paris, mwingine Kanada, wa tatu amegombana na wote tangu msiba wa mama. Kuuza kunahitaji saini za wote. Mmoja akisema sitaki, nyumba inakaa. Paa linavuja, miiba inapanda ukutani, nao wanaandikiana barua kupitia wanasheria. Ndiyo maana kuna nyumba nzuri ambazo zimekaa miaka 15 bila mtu. Mwaka 2009 sheria ililegezwa kidogo: wenye theluthi mbili ya haki wanaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuuza. Ila mahakama ni mahakama, huko kama hapa.

Mnunuzi asiyejua anaona bei ndogo. Anayejua anauliza kwanza: wako wangapi, na wote wamekubali?

Na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye ndiye hasa nilitaka kumwandikia makala hii, notari.

Katika kila mji mdogo wa Ufaransa kuna mlango wenye ngao ya duara yenye rangi ya dhahabu juu yake. Hiyo ni ofisi ya notari. Huyu si wakili wako wala si wakili wa muuzaji. Ni ofisa wa umma anayeteuliwa na Waziri wa Sheria, na nyumba haiwezi kuhama kutoka jina hadi jina bila kupita kwake. Muuzaji anaweza kuwa na wake na wewe wako. Wanagawana ada ile ile, huongezi hata senti.

Kazi inakwenda kwa hatua mbili. Kwanza mnasaini mkataba wa awali, ambao Wafaransa huuita kompromi. Unaweka kati ya asilimia 5 na 10 ya bei, na pesa hiyo haiingii mfukoni kwa muuzaji, inakaa kwenye akaunti ya notari. Tangu unapopokea mkataba uliosainiwa, una siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Wewe mnunuzi tu; muuzaji hana nafasi hiyo. Kama unategemea mkopo, inaandikwa humo, na benki ikikataa unarudishiwa pesa yako yote.

Kisha inapita kama miezi mitatu ambayo mgeni huona ni ya uvivu. Siyo uvivu. Notari anatafuta. Anafuatilia hati nyuma angalau miaka 30: nani alimuuzia nani, nani alirithi kwa nani, kuna deni la benki limeshikiliwa na nyumba hii, kuna jirani mwenye haki ya kupita uani na trekta lake. Anaandika barua kwa ofisi ya meya, maana halmashauri huwa na haki ya kuinunua yenyewe kwanza katika maeneo iliyoyatenga. Kama kuna shamba ndani ya mauzo, kama lile langu lenye miti ya jozi, anaiarifu SAFER, shirika la ardhi ya kilimo lililotokana na sheria ya mwaka 1960. Linapewa miezi miwili kuamua kama linataka kulichukua shamba hilo ili kumpa mkulima kijana. Vijana wa kilimo hapa chuoni nadhani wangependa kusikia hilo.

Mwisho mnakaa mezani, notari anasoma hati yote kwa sauti. Kama hujui Kifaransa anadai mkalimani awepo, kwa sababu hati uliyosaini bila kuielewa ni balaa kwake pia. Mnasaini, pesa inatoka kwake kwenda kwa muuzaji, unapewa funguo, hati inasajiliwa. Na akikosea, ana bima. Kampuni yake ikishindwa, manotari wenzake wana mfuko wa pamoja wa kulipa.

Nieleze sasa ya nyumbani. Mwaka niliomaliza kidato cha nne, baba alinunua kiwanja pembeni ya jiji. Pesa ilikuwa ya mahindi ya miaka mitatu na mkopo wa kikundi cha mama. Kulikuwa na karatasi ya mauziano, mashahidi wawili upande wa muuzaji, wawili upande wetu, na muhuri wa ofisi iliyotuhakikishia kwamba kiwanja ni safi. Pesa tuliihesabu mezani siku hiyo hiyo, taslimu. Miezi minane baadaye tukakuta mtu anamwaga zege. Naye ana karatasi, ana mashahidi, ana muhuri ule ule, na tarehe yake ilitangulia yetu kwa wiki mbili. Muuzaji hakuonekana tena. Shemeji wa muuzaji akatuambia, bila hata aibu, kwamba kiwanja kilikuwa cha urithi na ndugu wengine hawakuwahi kuulizwa.

Kwa hiyo niliposoma kuhusu akaunti ambayo pesa inalala miezi mitatu huku mtu akipekua miaka 30 nyuma, sikuona urasimu. Niliona ile wiki mbili yetu. Sisemi Ufaransa ni peponi, na hapa nchini pia mtu anaweza kufanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati kama kiwanja kimepimwa na kina hati. Chetu hakikuwa nayo, kama vilivyo viwanja vingi vya watu wa kipato chetu. Tofauti niliyoiona ni kwamba kule haiwezekani kuruka hatua hiyo hata ukitaka, hata kama unamwamini muuzaji kama ndugu yako.

Gharama yake? Kwa nyumba ya zamani jumlisha asilimia 7 mpaka 8 juu ya bei. Watu huziita ada za notari, wanamlaumu bure. Sehemu kubwa ni kodi ya serikali na ya mkoa, yeye anabaki na kipande. Kwa nyumba yangu ya yuro 95,000 ni kama yuro 7,000 hivi. Bumu la miaka mingapi hiyo, hesabu mwenyewe.

Maneno mengine matatu nayapitia upesi zaidi, ingawa ndiyo yanayomaliza akiba za watu.

Maji taka binafsi maana yake hakuna bomba la kijiji, una shimo lako. Muuzaji analazimika kuonyesha ripoti ya ukaguzi, na kama shimo halikidhi masharti, mnunuzi ana mwaka mmoja baada ya kununua kulirekebisha kwa pesa yake. Pamoja na ripoti hiyo kuna rundo zima: rangi yenye risasi kama nyumba ni ya kabla ya 1949, asbesto kama kibali cha ujenzi ni cha kabla ya Julai 1997, umeme na gesi kama mifumo imepita miaka 15, na mchwa katika maeneo yaliyotangazwa kuwa nao. Ndiyo, mchwa. Nilidhani ni wetu peke yetu. Kuna pia daraja la matumizi ya nishati, kuanzia A hadi G, na nyumba za mawe ambazo hazijakarabatiwa mara nyingi zinaanguka mkiani. Tangu Januari 2025 nyumba ya daraja G hairuhusiwi kupangishwa kwa mkataba mpya, kwa hiyo ile ndoto ya "nitanunua, nitapangisha, itajilipa yenyewe" inabidi isubiri mafundi.

Na mafundi wenyewe siyo wa mchezo. Kuta hizo zimejengwa kwa mawe na udongo na chokaa, zinapumua: unyevu unaingia na kutoka. Mgeni mwenye haraka anapiga plasta ya saruji ili papendeze, unyevu unanaswa ndani, baada ya miaka michache jiwe linaanza kumomonyoka. Ukienda Mji Mkongwe wa Zanzibar mafundi watakwambia maneno hayo hayo kuhusu kuta za matumbawe na chokaa. Halafu kuna mapaa ya vigae vya mawe ya chokaa, yale ya Périgord Jeusi, ambayo mita moja ya mraba inaweza kufika nusu tani. Kupata fundi anayejua kuyapanga ni kazi, kumlipa ni kazi zaidi.

Karibu na jengo la kihistoria: hapa nilifikiri ni sifa, kumbe ni sharti. Sheria ya mwaka 1943 iliweka mzunguko wa mita 500 kuzunguka majengo yaliyolindwa, na ndani yake huwezi kubadili dirisha, rangi ya mlango au paa bila kuomba kwa meya na faili kupitia kwa msanifu majengo wa serikali. Kwa kazi ndogo, badala ya kusubiri mwezi mmoja unasubiri miwili. Ukitaka dirisha la plastiki, jibu unalijua. Wageni wengi hulalamika. Mimi niko upande wa yule msanifu. Mji wa Sarlat ulikuwa unaoza kabla ya sheria ya Agosti 1962, iliyopewa jina la waziri wa utamaduni André Malraux, kuanza kuilinda mitaa mizima badala ya jengo moja moja, na Sarlat ulikuwa miongoni mwa ya kwanza kufaidika. Uzuri uliokuvutia kununua umebaki kwa sababu kuna mtu aliwakatalia wenzako waliotangulia.

Kuna mnunuzi mmoja wa huko ambaye sikuweza kumwacha. Josephine Baker, mwimbaji na mchezaji dansi mweusi aliyezaliwa Marekani mwaka 1906, akapata uraia wa Ufaransa mwaka 1937. Alikodi kasri la Milandes, lililojengwa karne ya 15 juu ya mto Dordogne, na mwaka 1947 akalinunua. Wakati wa vita alikuwa amewasaidia wapigania uhuru wa Ufaransa. Pale akalea watoto 12 aliowaasili kutoka mabara mbalimbali, akajenga hoteli, bustani, jumba la maonyesho. Hesabu hazikumtii. Kasri likala kila shilingi aliyoipata jukwaani, madeni yakapanda, mwaka 1968 likauzwa kwa mnada, na Machi 1969 akatolewa. Kuna picha ameketi kwenye ngazi za jikoni na kofia ya kulalia, mvua ikinyesha, mlango umefungwa nyuma yake. Mwaka 2021 Ufaransa ilimweka Panthéon, mahali pa mashujaa wake, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia humo. Heshima hiyo kubwa haikuhusu nyumba. Nyumba ilikuwa imekwenda.

Kabla hujasema mimi nitanunua kwa mzee asiye na mrithi, kuna njia hiyo pia, inaitwa viaje. Unampa mzee kiasi mwanzoni, kisha unamlipa kila mwezi mpaka afe, ndipo uweze kuingia kuikalia nyumba. Mbali na Périgord, katika mji wa Arles, mwaka 1965 notari aitwaye André-François Raffray alikubaliana hivyo na bibi wa miaka 90, faranga 2,500 kwa mwezi. Bibi huyo alikuwa Jeanne Calment. Notari alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 77, familia yake ikaendelea kulipa, na bibi akafa Agosti 1997 akiwa na miaka 122. Walikuwa wamelipa zaidi ya maradufu ya thamani ya nyumba. Na huyo alikuwa mtaalamu wa mambo haya.

Kama mwalimu mtarajiwa kuna upande mmoja ambao matangazo hayausemi kabisa. Kila mwaka idara ya elimu ya Ufaransa inahesabu wanafunzi na kuamua darasa gani lifunguliwe, lipi lifungwe. Vijiji vinagawana shule: wadogo wanasoma kijiji hiki, wakubwa kile, basi linawazungusha. Nyumba ikinunuliwa na mstaafu anayekuja wiki sita kwa mwaka, kijiji kinapata kodi (mwenye nyumba ya pili hulipa kodi mbili, ya umiliki na ya makazi, wakati wakazi wa kudumu waliondolewa ya makazi mwaka 2023) lakini hakipati mtoto wa darasa la kwanza. Ikinunuliwa na familia yenye watoto watatu, darasa linaweza kupona. Kijana wa hapo aliyezaliwa jirani, anayefanya kazi kwenye ghala la jozi, anashindana bei na mtu aliyeuza nyumba London. Wageni hao hao ndio waliookoa mapaa mengi yaliyokuwa yanaanguka. Hilo lazima lisemwe. Lakini ningekuwa meya ningemuuliza kila mnunuzi kwanza kama ana watoto.

Niliandika upya jibu langu la zoezi. Nilisema singenunua mpaka nione saini za warithi wote na ripoti ya shimo la maji taka, na kwamba ningeweka pembeni pesa ya paa kabla ya pesa ya fenicha. Madame akanipa 16 kwa 20, Kifaransa changu kina makosa ya jinsia ya nomino, kama kawaida.

Jioni ile nilimpigia baba. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, la notari, la akaunti, la miaka 30. Alisikiliza kimya, hata nikadhani mtandao umekata.

"Na huyo notari," akasema mwishowe, "hela ya mtu anakaa nayo miezi mitatu, na haili?"

"Haili, baba. Akiila kuna mfuko wa kulipa."

"Haya. Na nyumba umesema ina kisima."

"Ndiyo, baba."

"Kina maji?"

Nikalitafuta lile tangazo kwenye begi, nikalisoma toka juu mpaka chini. Halikusema.